Moto wa Bibi Sebuleni

Leo mvua imeyapiga mafiga yangu yakiwa bado ya moto, na harufu ya jiwe lililochomwa ikanijaa puani. Ni harufu ya nyumba ile ya bibi yangu.

Aliijenga meneja Mwingereza wa kinu cha pamba, nje ya Shinyanga, kwa mawe matupu. Kuta zilikuwa nene hata niliweza kukaa dirishani nikakunja miguu. Paa lilichongoka kama linangoja theluji. Na sebuleni aliweka mahali pa kuotea moto, huku kwetu ambako ng'ombe hukimbilia kivuli saa tatu asubuhi! Jiko halisi lilikuwa kibanda cheusi huko nyuma, na humo ndimo bibi yangu alimompikia miaka yote.

Mwingereza alipoondoka, babu, mlinzi wa kinu, alipewa na kinu nyumba hiyo akae. Bibi alibeba mafiga yake, akapita mlango wa mbele, akayapanga pale pale pa kuotea moto.

Siku moja meneja mpya wa kinu, kijana wa mjini, aliingia bila hodi.

"Mama, hii ni sebule! Jiko liko nyuma. Zima huo moto, la sivyo mhame."

Bibi aliendelea kusonga ugali.

"Ng'wanawane, mwanangu we, hata hujanisalimia."

Kijana akaamkia: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Aliyejenga hapa alitaka moto. Mimi nimeuwasha."

Akaongeza kuni. Moshi ukapanda ndani ya bomba la Mzungu, ukatokea juu ya paa, Shinyanga nzima ikiuona.