Gongo la Baba Kwenye Ndoo

Niliwahi kuloweka gongo la kriketi kwenye ndoo ya maji karibu siku mbili, nikidhani nalitendea wema. Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, na bado nikisikia harufu ya mafuta ya kitani masikio yananiwaka. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya Guangzhou, ghorofa ya saba juu ya barabara ya Huanshi Zhonglu, majira yale ambayo kuta hutoka jasho na nguo hazikauki hata ukizibembeleza. Kila Ijumaa jioni Baba alilipaka gongo lake mafuta, polepole, kama anayemkanda mtoto mchanga, na Mama akimwambia kutoka jikoni, "Baba Zuhura, yakibaki hayo, na mimi mgongo unaniuma."

Baba alikuwa wakala wa mizigo, mtu wa kushinda bandarini Huangpu akifuatilia makontena. Lakini Mombasa, kabla sijazaliwa, alikuwa beki wa kushoto wa timu ya ligi, na ligi ikipumzika alivaa nguo nyeupe akacheza kriketi ya daraja la kwanza, ile ya siku tatu mfululizo yenye mapumziko ya chai. Kwenye soka hakuna aliyembishia. Kila Jumapili tulimwona uwanjani na Waafrika Mashariki wenzake, tumbo mbele, akiwapokonya mpira vijana wa chuo. Kriketi ndiyo waliyomkatalia. "Mzee, huko ulikuwa unawachotea maji tu," walimwambia, wakicheka mpaka wanashikana mabega. Baba alicheka nao, ila akirudi nyumbani alipaka mafuta kwa nguvu zaidi. Ndipo wafanyabiashara wa Kipakistani wa jengo letu walipomwalika kwenye mechi yao ya Jumapili, na wenzake wa soka wakaapa kuja kuushuhudia uongo ukianguka hadharani.

Nilikuwa na miaka tisa, na sikutaka kitu duniani kama kumwona Baba akiwafunga midomo. Wiki hiyohiyo Mama alikuwa amepokea mwiko mpya kutoka nyumbani, akauloweka kwenye maji ya chumvi usije ukapasuka kwenye sima. Nikaliangalia gongo. Mti si ni mti? Alhamisi alfajiri nikalitumbukiza kwenye ndoo nyuma ya mlango wa bafu, na chumvi nikatia konzi mbili, kwa kuwa huu ulikuwa mwiko mkubwa.

Ijumaa jioni Baba alilikuta limevimba, na mstari mwembamba umeanza kulipanda katikati. Alichovya kidole kwenye maji, akaonja, akanitazama. "Na pilipili umetia?" Jumamosi alizunguka maduka ya michezo nyuma ya Zhanqian Road, na kila mwenye duka alimwonyesha raketi za mpira wa vinyoya kisha akatikisa kichwa: meiyou, hakuna. Wapakistani wangemwazima, lakini alisema mkono wake unalijua lilelile lake tu. Akalifunga kwa mkanda wa kahawia wa kufungia maboksi, mzunguko juu ya mzunguko, kana kwamba nalo linapanda meli.

Mpira wa kwanza aliupiga vizuri ajabu. Uliruka juu ya vichwa vyote ukagonga uzio, na wale wa soka wakanyamaza kwa pamoja. Gongo nalo likapasuka hadi mpinini. Mpira wa pili ulipokuja Baba hakuwa na kitu cha kuaminika mkononi, basi mguu wake wa kushoto, beki hadi kwenye mfupa, ukatoka wenyewe ukauzuia. Katika kriketi, ukikinga mpira kwa mguu mbele ya wiketi, vile vijiti vitatu vya nyuma yako, umetoka. "Beki! Umeokoa goli!" walipiga kelele, lakini hakuna aliyetaja tena maji. Walipouliza gongo limekuwaje, Baba akanishika bega. "Unyevu wa Guangzhou huu," akasema. "Hata milango inavimba."

Sasa Baba amestaafu, yuko Mombasa na kuku wake, na huku nimebaki mimi, mtu wa ndani hata mlinzi wa jengo huuliza kama nimehama. Siku hizi gongo jipya naweza kuliagiza kwa simu nikiwa kitandani. Nimeagiza mara mbili, nikafuta mara mbili. Kila Baba akipiga simu najiandaa kumwomba radhi, kisha najikuta nauliza habari za kuku. La zamani nimelitundika ukutani na mkanda wake. Juzi Mama Béa, jirani yangu kutoka Lubumbashi, alipokuja kudai sahani aliyoniletea chakula, aliniuliza ni la nini, nikamsimulia yote mpaka machozi yakanilenga. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Weye! Papa yako alitoka juu ya mguu yake, hapana juu ya ndoo yako. Acha kulilia kibao, unirudishie sahani yangu."