Rangi ya Kucha kwenye Bunduki ya Mgeni Rasmi

Hii aibu nisingeisimulia, lakini najua mmeshaisikia huko Katonga kwenye meza za samaki, tena mmeisikia vibaya, kuna wanaosema eti nilisababisha mgeni rasmi apigwe risasi ya mguu, uongo mtupu, yule baba alirudi kwake na miguu yake yote miwili. Kilichoumia ni heshima yake, na yangu, na kazi niliyokuwa naisubiri. Basi bora mnisikie mimi mwenyewe niliyefanya.

Kwanza mjue nilifuata nini kwenye mgambo, maana mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, haamki tu siku moja akaenda kupiga kwata. Mimi nauza dagaa. Ziwa likifungwa ili samaki wazaliane, mimi nakaa nyumbani Ujiji naangaliana na beseni. Sasa kuna mzee mmoja ana ghala la samaki wakavu kule ufukweni, alikuwa anatafuta mlinzi wa getini, mchana tu, mshahara kila mwezi, ziwa lifungwe lisifungwe. Akaniambia, "Mama Shabani, wewe nakuamini, ila niletee cheti cha mgambo. Nafasi ni moja. Nakusubiri mpaka mhitimu, usipokileta nachukua mwingine." Nikajiandikisha siku hiyohiyo.

Mafunzo yenyewe niliyamudu. Kukimbia nilikimbia (nyuma ya wenzangu, lakini nilifika), kwata nilipiga, na nyimbo ndiyo usiseme, sauti yangu mnaijua. Balaa lilianza wiki ya kulenga. Tulipelekwa kwenye bonde nyuma ya vilima, na ilikuwa lazima tumalize kabla watu hawajaanza kupita kwenda mashambani, kwa hiyo saa kumi na mbili kamili asubuhi sisi tumeshalala kifudifudi kwenye umande. Nanyi mnaijua saa kumi na mbili ya Kigoma, redio inasema kumekucha, wa Dar wanaota jua, huku kwetu hata sura ya jirani yako unaikisia.

Mkufunzi wetu, Afande Ntahondi, alitufundisha kwamba kile kijiti cha mbele kwenye mtutu lazima kikae katikati ya kimwanya cha nyuma, vilele vilingane, halafu ndiyo uiangalie shabaha. Maneno mazuri. Mimi ile shabaha niliiona, karatasi nyeupe kule mbele, lakini kijiti sikukiona hata kwa dawa, kitu cheusi juu ya bunduki nyeusi kwenye kiza.

"Mnaona?" Afande akauliza.

"Tunaona, Afande!"

Kundi zima, na mimi nikiwemo. Wiki iliyotangulia kuruta mwenzetu alisema macho yanamsumbua, akaambiwa aende akatibiwe arudi mafunzo yajayo. Nikawaza ghala, nikawaza beseni, nikaona hapana, mimi naona. Wiki nzima nikawa nalenga kwa kubahatisha, na kwa kuwa tulikuwa tunafanya mazoezi bila risasi, hakuna aliyejua.

Siku moja kabla ya mtihani wa risasi za kweli tulikaa jioni tunasafisha bunduki kwenye uwanja wetu wa mafunzo, Rusimbi. Kundi letu la watu kumi lilikuwa na bunduki moja, na zamu ya kusafisha ilikuwa yangu na Nestori. Nestori ni kijana tu, wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, yeye kazaliwa hukuhuku, mtu mpole, akiongea Kiswahili chake kinapitia kwanza kwenye Kiha. Nestori akaenda kuchota maji ya kunawa. Hapo ndipo nikafanya lile jambo.

Mchana nilikuwa nimepita kwa mdogo wangu Zaituni, anayesuka watu nywele na kupaka kucha pale sokoni Ujiji, nikamwomba rangi nyeupe.

"Rangi ya kucha? Wewe dada? Unapaka kucha zipi, hizo za dagaa?"

Nikamwambia nipe, acha maneno. Basi Nestori alipogeuka tu, nikatoa kichupa, nikadondoshea tone moja juu ya kile kijiti. Jua lilikuwa limeshazama, giza linaingia, nikaweka bunduki begani nikachungulia, jamani, kijiti kinaonekana kama punje ya wali! Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Ningeishia hapo leo ningekuwa na kazi. Lakini nikaona mbona rangi nyembamba, nikaongeza tone la pili, nikapuliza, nikaongeza la tatu. Halafu nikaifuta bunduki yote iliyobaki kwa mafuta, kitako mpaka mtutu, ikang'aa vizuri sana.

Kung'aa huko ndiko kulikonimaliza. Asubuhi, kiza bado kipo, tumepanga mistari, likaja gari na mgeni rasmi akashuka, mkubwa fulani ambaye cheo chake nakihifadhi, na suti yake. Ikatangazwa kwamba atafungua zoezi kwa kupiga risasi tatu. Afande Ntahondi akapita anakagua bunduki zote, akasimama kwenye yetu. "Hii ndiyo safi kuliko zote," akasema. "Mgeni atatumia hii."

Wakamtandikia turubai, akalala (kulala kwenyewe kulichukua muda, mwili upo). Paa! Vumbi likatimka katikati ya njia, mbali kabisa na shabaha. Paa! Vumbi palepale. Paa! Tena. Na sisi tulikuwa tumeshaelekezwa tangu jana kwamba mgeni akimaliza tupige makofi, basi tukapiga makofi, kuruta wote, kwa nguvu zote, kumshangilia mtu aliyepiga ardhi mara tatu.

Mgeni akainuka, anajipangusa. "Hii bunduki yenu," akasema, "mnaitunzaje?"

Afande akaona aibu kuliko mimi. "Samahani mkuu, niruhusu nikuonyeshe kuwa ni nzima." Akalala mwenyewe, mtu aliyepiga bunduki miaka yote, naye paa, paa, paa, vumbi, vumbi, vumbi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Afande akakaa, akahakikisha haina risasi, akaigeuza bunduki kuielekeza angani, akaangalia ncha ya mtutu muda mrefu, halafu akakwangua kwa ukucha.

"Nani kapaka hii?"

Akatueleza, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya kufoka, kwamba kijiti kikiongezwa urefu, anayelenga anauinamisha mtutu bila kujua, na risasi inakwenda chini. Kumbe mimi nilijenga kichuguu.

"Jana ilikuwa zamu ya nani kusafisha?"

Nestori akajitokeza mbele, maskini, mimi bado nimejikausha kwenye mstari. Mmoja wa waliokuja na mgeni akamsogelea, akamwangalia juu mpaka chini. "Jina?" Akataja. Yule bwana akasikia ile lafudhi. "Wewe kwenu wapi hasa? Kitambulisho unacho?"

"Mawe!" Nestori akamwita mama yake kwa Kiha, kwa sauti ndogo, mkono unatafuta mfukoni. "Ninacho, mzee. Nimezalikiwa hapa."

Jamani, mimi ni mwoga, nakubali, lakini nilimwona yule kijana anavyopekua mifuko kwa kosa langu nikaona hapana. Nikanyoosha mkono.

"Ni mimi, Afande. Ni rangi ya kucha."

"Rangi ya nini?"

"Ya kucha, Afande. Nilikuwa sioni kijiti."

Nyuma yangu mtu mmoja akaguna, wa pili akashindwa kujizuia, halafu bonde zima likaangua kicheko, mpaka dereva wa mgeni alikuwa ameegemea gari anajifuta machozi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mgeni hakucheka. Alipanda gari akaondoka bila kusoma hotuba, na hilo la hotuba wenzangu walinishukuru baadaye.

Rangi ikatolewa kwa petroli ya pikipiki, jua nalo likawa limetoka, kila kitu kinaonekana. Kundi letu likaanza kupiga, mmoja mmoja, risasi tatutatu. Nestori akatoboa karatasi kwa risasi zote tatu. Mimi, kwa adhabu, nikawekwa wa mwisho. Ilipofika zamu yangu nikalala, nikachungulia, kijiti hiki hapa, kimwanya hiki hapa, shabaha ile pale, sijawahi kuona vizuri namna ile. Nikanyoosha mkono nipewe risasi.

Afande akafungua boksi, akalifunga. Risasi zilikuja kwa hesabu ya vichwa, tatu za mgeni na tatu za kila kuruta, basi. Zile tatu alizopiga yeye zilikuwa za mtu, na huyo mtu nilikuwa mimi.

"Mama Shabani," akasema, wala hakuwa na hasira tena, "ungesema tu huoni. Tungesubiri jua."

Kwa hiyo nimefeli kulenga bila kufyatua hata risasi moja, sidhani kama kuna mwingine. Cheti sikupata. Mzee wa ghala alinisubiri mpaka siku ya kuhitimu kama alivyoahidi, halafu akamchukua Nestori, na mimi sina neno, nafasi ni ya mwenye cheti.

Juzi nimepita pale getini na beseni langu, yeye kavaa sare, akanipisha kivulini ninywe maji. Tukacheka kidogo. Halafu akaniambia, "Mama Shabani, na mimi siku zile sikuwa ninaona kitu."

"Sasa mbona ulikuwa unaitikia unaona?"

"Nilikuwa nasikia wewe unaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote," akasema. "Nikajua nina ugonjwa wa macho peke yangu."

Nilikunywa yale maji nikamaliza, nikamrudishia kikombe, nikaondoka na dagaa zangu. Mafunzo mengine yakitangazwa nitakwenda, na nisichokiona nitasema sikioni, hata wanirudishe nyumbani.