Hogo la Zita

Mjukuu wangu Zita alizaliwa Tumati mwaka wa zile mvua kubwa, mgongo wazi. Hospitali waliushona, lakini miguu ikabaki imejipinda, nyayo zikitazamana. Mama yake, Marieta mwanangu, akaolewa Basotu, na mume hakumtaka mtoto. Nikamchukua mimi. Sikumwomba mtu msaada.

Alitambaa kwa mikono, mwepesi kama mbuzi. Mdomo nao ulikuwa mwepesi. Jirani yetu Akonaay akipita humwambia, "Wewe chura, utaolewa na nani?" Naye hujibu, "Si wewe, babu. Huna meno."

Mwaka tulipoambiwa mkoa wetu sasa ni Manyara, si Arusha tena, alikuwa na miaka minne. Hospitali wakaanza kumnyoosha miguu kwa hogo, ile plasta ngumu, kila wiki wanafunga jipya. Baada ya matano nyayo zilianza kugusa chini. Nesi Verdiana, mgeni wa kutoka Bukoba, akafunga la sita. Alisema ni la mwisho, kisha viatu vya chuma, na Zita atasimama.

"Bibi, lisilowe. Na usimweke motoni. Miguu yake haina hisia, hatalia."

"Nimelea saba kwenye moto ule."

"Hao saba walikuwa wanalia, bibi."

Nikaona binti mdogo ananifundisha kulea. Nikamfunga Zita mgongoni, nikaondoka.

Njiani mvua ikatupiga mpaka nyumbani. Hogo likawa kama ugali mbichi. Nikawaza, likilainika miguu itarudi ilivyokuwa. Kwetu kilicholowa hukaushwa penye mafiga, iwe ngozi, iwe mahindi, iwe mtoto. Nikamkalisha Zita, miguu motoni, nikawa namgeuza huku namtazama usoni. Akilia tu, namtoa. Hakulia. Alikuwa ananihadithia habari za ndama. Hogo likakauka kabisa, nami nikajiona mjuzi kuliko nesi.

Siku ya tano ikaja harufu. Nikadhani panya amekufa darini. Siku ya saba Verdiana alipokata hogo, nyama ya kisigino ilitoka nalo. Akaniambia, "Toka nje, bibi." Basi, hilo tu.

Mguu wa kulia waliukata chini ya goti. Wa kushoto ukajipinda tena wakati tunangoja kidonda kipone. Viatu vya chuma hatukupewa.

Marieta akaja kutoka Basotu. "Mama, ilikuwaje?"

Nikasema, "Walifunga vibaya."

Zita alikuwa kitandani, anasikia. Alinitazama, kisha akamwambia mama yake, "Ndiyo. Walifunga vibaya."

Neno hilo likatembea Tumati nzima. Wanawake wakakataa kumpelekea Verdiana watoto wao, na kabla ya mavuno akaomba uhamisho. Nilimwona anapakia godoro lake kwenye gari. Alinisalimia shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikaenda zangu.

Zita ni msichana mkubwa sasa, bado anatambaa. Hajawahi kusema vingine. Basi naandika mimi, kwa herufi hizi chache ninazozijua: nilikatazwa, nikasikia vizuri, nikamweka motoni.