Lango Asilolijua

Katika hospitali ile ndogo ya watoto, fundi wa kompyuta kila mtu alimwita Mama Nyaya, kwa kuwa ndiye aliyezitandaza nyaya zote za kompyuta, chumba hadi chumba. Ruta, visanduku vya kupitishia mawasiliano ya kompyuta, aliweka mbili tu: moja ya intaneti, nyingine ya kupeleka picha za eksirei kwa daktari bingwa wa hospitali kuu. Kompyuta huambiwa lango moja la kutokea, basi akachagua ile ya intaneti, akaielekeza kwamba picha za hospitali kuu izikabidhi kwa ruta ya pili.

Asubuhi moja mpiga picha za eksirei akamwita. Picha za tangu jana hazijafika hospitali kuu.

Mama Nyaya akaketi kwenye kompyuta, akaisoma anwani ya lango. Akaisoma tena. Haikuwa ile aliyoiweka yeye.

"Kuna ruta ya tatu humu ndani," alisema. "Inaziita kompyuta zipitie kwake, na yenyewe haina pa kutokea."

Akafuata waya baada ya waya hadi ofisi ya muuguzi mkuu, ambaye ni wifi yake, dada wa mumewe. Nyuma ya kabati la mafaili, kidude cheupe kilikuwa kinapepesa taa.

"Wifi, nani kakileta hiki?"

"Mimi, cha nyumbani. Simu yangu haishiki mtandao kona hii." Wifi akamkazia macho. "Si nilikuuliza jana nichomeke wapi? Ulikuwa unaongea na simu, ukaninyooshea kidole tundu lile."

Akakumbuka. Kweli alimwonyesha tundu, bila kutazama ameshika nini.

Akakichomoa, akarudi chumba cha eksirei, akaiandikia kompyuta lango sahihi kwa mkono. Picha zikaondoka. Haikupita robo saa, bingwa akapiga simu: binti wa kitanda cha sita, kiwiko kilichovunjika kinabana mshipa wa damu, aletwe sasa hivi.

Gari la wagonjwa lilipotoka, wifi alimshika kiwiko. "Tuseme mtambo ulizingua tu. Nani atajua?"

"Mimi najua, wifi."

Akaenda kwa mganga mkuu wa hospitali, akaeleza yote amesimama. Mzee yule akamsukumia kiti akae.

Alasiri habari ikaja: mkono wa mtoto umeokolewa, ila ungepita usiku mmoja zaidi, ungekatwa. Mama Nyaya aliposikia, akainuka akaanza kukagua upya nyaya zote, chumba hadi chumba.