Kamba za Bibi Wilhelmina

Sikumpenda Bibi Wilhelmina tangu siku ya kwanza, na sitajifanya kwamba nilimpenda. Muuza majani anayetaka mteja arudishe kamba ana lake jambo.

Mezani kwake pale Mabatini utakuta majani ya mpera ya kuzuia kuhara, mwarobaini wa kuoshea upele, tangawizi ya kikohozi, mchaichai wa tumbo linalojaa gesi. Hayo naelewa, nani hajanyweshwa mwarobaini utotoni akautapika? Lakini kila fungu alilifunga kwa kamba ya katani yenye mafundo saba. Kila siku ukinywa, unafungua fundo moja. Siku ya saba unairudisha kamba, naye anaitundika msumarini pamoja na za wenzako. Mtu mwenye akili zake anatunza kamba za watu za nini? Na macho yale mekundu! Watu walisema ni moshi, kwamba aliwapikia ugali wanachuo wa Butimba miaka ishirini na mitatu, na majani alifundishwa na mama yake huko Ukerewe. Mimi niliwasikiliza tu, sikuwaamini.

Nilikuwa na sababu. Mwezi wa pili niliacha cherehani yangu Kahama baada ya kusikia mama yangu, Bernadeta, ameanguka kwa presha. Nilimwambia ikishuka narudi. Ilishuka, kisha ikapanda. Mwezi wa tano kipimo cha zahanati kilisoma mia na themanini kwa mia na kumi, na nesi akaniambia wazi, "Dada, hivi tutampoteza." Vidonge nilikuwa nahesabu mwenyewe, na vilipungua sawasawa. Kila asubuhi mama alichukua chake, akatoka na kikombe cha maji hadi mlangoni, na maji yaliyobaki akaimwagilia shubiri yake ya kupaka majeraha ya moto, iliyoota kwenye ndoo mbovu. Sasa kama vidonge vinamezwa, kinachompandisha presha ni nini kama si mchaichai anaoununua kila wiki kwa yule bibi?

Jumamosi moja nikaenda kumchunguza, nikijifanya nakohoa tangu barabarani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna dawa yoyote ya hospitali unayotumia?"

"Hakuna."

Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye kisukari. Bibi alimkatalia katakata. "Nenda kwa daktari kwanza. Sukari na presha si kazi yangu." Nikajisemea moyoni, huyu ananiigizia, kaniona sura ngeni. Akanifungia tangawizi na mchaichai, kamba na mafundo yake.

Sikunywa hata tone. Fungu nililitupa shimo la taka. Jumamosi iliyofuata nikafungua mafundo yote saba kwa mpigo, nikampelekea kamba yake nione ataifanyia nini.

Aliinyoosha kwenye mwanga, akaipitisha vidoleni polepole. Akacheka.

"Hujanywa."

"Nimenywa, bibi."

"Tazama. Pale palipofunguliwa Jumapili pangekuwa pameshanyooka, pa jana ndipo pangekuwa bado pamejikunja. Yako imejikunja sawasawa kote. Umeyafungua leo hii. Mtu akija kulalamika kwamba dawa haikumsaidia, mimi kwanza naangalia kamba." Akashusha nyingine msumarini. "Na hii ameileta mama yako leo asubuhi. Wewe si binti wa Bernadeta? Mmefanana mpaka uongo."

Uso uliniwaka kwa aibu. Nikaipokea kamba ya mama. Mikunjo saba, yote imekaza sawa, kama yangu.

Kumbe mama hakuwa akinywa mchaichai wowote. Basi majani hayana kosa. Ningefurahi, lakini mtu anayefungua mafundo bila kunywa anaweza pia kupunguza vidonge bila kumeza. Sikuaga hata. Nilirudi nyumbani Igogo nusu natembea, nusu nakimbia.

Mama alikuwa ndani akichambua dagaa. Nilipiga magoti mlangoni, nikaingiza vidole kwenye udongo wa shubiri. Vilitoka vidonge, vingine vizima, vingine vimelainika kama chaki iliyolowa. Nikamwonyesha kiganja.

"Mama, ni nini hiki?"

Alivitazama, akaendelea kutoa vichwa vya dagaa.

"Si ulisema presha ikishuka unarudi Kahama?"

"Na mchaichai je? Kwa nini unaufuata kila wiki kama hunywi?"

"Yule bibi namfuata kwa ajili ya mazungumzo. Ukirudi kwako nitaongea na nani?"

Hasira ilinipanda, nikataka kumfokea, nikajikuta nalia. Miezi mitatu nilikuwa nikimtafuta anayemuua mama yangu, na sikuwahi kukaa naye chini tukaongea jioni nzima.

Nilimletea kidonge cha siku ile na maji. Akameza.

"Fungua mdomo, mama. Inua ulimi."

Akafungua, akainua, macho yakimcheka kidogo. Kamba yake ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakaa karibu na ungo wa dagaa, nikaanza kuifunga upya, fundo baada ya fundo.

"Saba?" akauliza.

Nilifunga mpaka kamba ikaisha, nikainuka kutafuta nyingine.