Chumba cha Kulala Ndani ya Noah

Nilikwenda Rwamgasa, ukweni, kujaribu kitanda. Kwetu Usukumani mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake, na gesti tuliyolala mwaka jana ilikuwa na kunguni wasiolipa. Mimi ni fundi wa viti vya magari hapa Nyasubi, Kahama. Nikang'oa viti vya nyuma vya Noah yangu kuukuu, nikaunda kitanda cha plaiwudi, masanduku ya nguo uvunguni, mapazia ya kitenge. Nyuma ya dereva nikasimamisha ukuta, kwa ajili ya faragha.

"Tukilala vizuri, tunaacha nyumba ya kupanga, tunahamia humu tuzunguke minadani nikishona viti," nilimwambia mke wangu.

"Tukilala vizuri," alisema Mama Kulwa, bila kucheka.

Tuliondoka asubuhi, mapacha wetu tukawaacha kwa dada yangu. Kufika Kakola, vumbi lilikuwa limeshalala kitandani kabla yetu. Katoro tulisimama kununua sukari na mchele wa ukweni, nikagonga kichwa kwenye dari mara mbili nikiupakia.

Jioni, Rwamgasa. Mama mkwe, anayewauzia wachimbaji wa dhahabu chai na maandazi, alichungulia ndani ya gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Kulwa. Jeneza la nani hili?"

"Chumba chetu, mama."

"Haya. Mlale salama."

Tuliingia kwa mlango wa nyuma, nikauvuta kwa kamba, ukajifunga vizuri sana. Tulilala kama wafalme.

Kulipokucha nilitaka kutoka haraka, maana kibofu hakisubiri. Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani. Kitasa cha mlango wa pembeni nilikuwa nimekiziba kwa kitanda. Mbele kulikuwa na ukuta wangu wa faragha, niliougongomea misumari mirefu.

"Fundi," alisema mke wangu, "tunatokea wapi?"

Nikaanza kupiga mabati. Wachimbaji waliokuwa wakinywa chai wakaja mbio.

"Mama! Duara limefukia watu!" mmoja alipiga kelele, kana kwamba tuko kwenye shimo la machimbo. Wenzake wakaangua kicheko.

Mlango ulifunguliwa na mama mkwe mwenyewe. Nilitoka kinyumenyume, miguu kwanza, nimejifunga kanga ya binti yake.

"Mwangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma, akitazama pembeni kwa heshima. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Mchana ule, nilipomaliza kuukata ukuta kwa msumeno na kukitoboa kitanda ili kitasa kifikike, mama mkwe alipanda kujaribu godoro, akasinzia hapo hapo. Kesho yake tuliporudi alikuja nasi kuwaona wajukuu. Alikoroma kutoka Katoro mpaka Kahama, sisi tukiwa tumekaa wima mbele, shingo zinauma.

Tangu hapo nikiunda chumba cha gari ninaanza na mlango wa kutokea, ndipo nafikiria godoro. Minadani bado hatujahamia. Mama mkwe amekataa kushuka.