Herufi A ya Bwana Anania

Nilijifunza kuchapa Bujumbura, kwenye kibodi ya Kifaransa, kabla hatujahamia Kasulu. Kule, A inakaa mahali ambapo huku inakaa Q. Basi siku yangu ya kwanza kwenye steshenari ya Bwana Anania, barua ya mteja niliijaza Q tupu. Aliinua karatasi, akawasomea watu waliokuwa kwenye foleni, wakacheka. Akaniambia, "Mrundi wewe, hata A hujui iko wapi. Toka."

Nilitoka. Kibodi ya huku niliizoea kwa wiki mbili tu, na hasira ndiyo iliyonifundisha. Leo nina steshenari yangu, ng'ambo ya barabara, mkabala na yake.

Mwezi jana alikuja na kompyuta iliyotumika, aliyoinunua Manyovu, mpakani na Burundi. Vitufe vilibandikwa stika za herufi za huku, lakini ndani bado ilikuwa ya Kifaransa. "Mama Irakoze," akasema kwa upole, "hii imerogwa."

Duka lilikuwa limejaa watu. Nikamwambia, "Andika jina lako, baba." Akaandika, nami nikawasomea wateja herufi moja moja: Qnqniq. Walicheka mpaka mama mmoja akaketi chini.

Kisha nikabadilisha mpangilio wa kibodi, kazi ya sekunde tano, akanishukuru sana. Lakini Kifaransa sikukifuta. Nilikiacha kiwe cha kwanza. Kila akizima na kuwasha, zile Q zinarudi. Naye anarudi kwangu, na kila akirudi namwandikisha jina lake mbele ya watu.